Leonia na Vidonge vya Wakati wa Giza

Leonia mke wa Anatoli anaanika dagaa Katonga, ufukwe wetu hapa Kigoma, na mtu asiyeijua kazi hiyo asidhani ni kumwaga samaki mchangani ukaenda kulala. Mitumbwi ikirudi alfajiri unaingia majini mpaka magotini, unagombania beseni lako, unaosha, unatandaza wasilaliane, unageuza jua likipanda, unaokota kabla umande haujashuka. Wingu likitokea upande wa Kongo unaokota wote mbio, maana dagaa aliyenyeshewa hata bata anamkataa. Kazi yote hiyo ni vidole. Mwenye vidole vibovu Katonga atafute kazi ya kuhesabu mawe.

Mimi nayajua haya kwa sababu sehemu yangu ya kuanikia imepakana na yake. Ni mwanamke asiye na maneno. Alizaliwa Kagunga, kule mpakani kabisa na Burundi, binti wa mvuvi, akaolewa huku na Anatoli, akamzaa Wema, akaendelea kunyamaza. Asubuhi atakwambia "Mwakeye," na hayo ndiyo mazungumzo yake mpaka saa ya kuokota. Yaliyobaki kaniachia mimi, nami sijawahi kulalamika.

Msimu mmoja nikaona hawezi kukunja ngumi. Asubuhi vidole vimevimba kama ndizi za kuiva, mpaka jua lipande ndipo vinalegea. Wanawake wote wakasema ni baridi ya maji, kila mtu akataja mafuta yake: huyu ya simba, yule ya mawese yenye pilipili. Leonia akapaka yote. Kisha akaanza kununua diklofenaki duka la dawa bila kuandikiwa na yeyote. Alfajiri, tumbo tupu, anatupia kidonge mdomoni anaingia majini. Vidole vikapoa kidogo, tumbo likawaka moto. Nikamwambia umeuza kanga ukanunua matatizo, na nikamkokota mpaka hospitali.

Daktari alikuwa Sia, binti wa Moshi aliyeletwa kikazi, anasema haraka kama anakimbiza gari. Akambonyeza kila kiungo, akatoa damu, majibu yakarudi. Akatuambia ni baridi yabisi, ile ambayo askari wa mwili wanageuka na kupigana na viungo vya mwili wenyewe. Maji ya ziwa hayana kosa. Akamwandikia predinisoloni, vidonge vidogo vyeupe, kila asubuhi baada ya kula. Dawa nyingine, inayotibu ugonjwa wenyewe hasa, alisema ataiombea Mwanza, na hii ni ya kumsogeza mpaka ile ifike. Halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, hii usije ukaiacha ghafla, hata ukijisikia mzima. Siku ya kuipunguza nitaipunguza mimi, kidogo kidogo. Umenielewa?"

Tukaitikia ndiyo daktari, kama watu wanavyoitikia.

Dawa ile ilifanya kazi mpaka tukaogopa. Wiki haijaisha Leonia anakamua nguo kama msichana. Uso nao ukajaa, ukawa wa mviringo, unang'aa. Kwetu mwanamke akinenepa uso hamuulizi anaumwa nini, mnamuuliza mumewe kapata nini. Eufrasia, ambaye anaanika upande wa pili wa Leonia na mdomo wake hauna mlango, alikuwa akisema Anatoli kaoa mke mpya bila talaka. Leonia anacheka tu.

Lakini mimi aliniapisha. Alinishika mkono nyuma ya vichanja akaniambia nisimwambie mtu kuwa anameza dawa. Sikuhitaji kuuliza sababu. Pwani yetu hii, ukionekana unameza kidonge kila asubuhi, hakuna atakayesema ni vidole. Watasema ni vile vya kurefusha maisha, na kabla ya jioni watu wanaanza kumwangalia mumeo mgongo. Basi nikafunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kisha ukaja mwaka ule Burundi ilipochafuka. Watu walishuka milimani na wengine wakaja kwa maji, wakajaa Kagunga mpaka mchanga ukapotea. Kaka yake Leonia, Feliksi, alituma habari kwamba uani kwa mama yao wamelala watu mpaka mlango wa choo. Meli ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma, kisha mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Halafu kipindupindu kikaingia kati yao, na hofu ikashuka ziwani kuliko ukungu. Wateja wa dagaa kutoka mbali wakaanza kuuliza tunaosha na maji gani. Mtu akikohoa mnamtazama, akikimbilia choo mnasogeza mabeseni.

Siku moja dirishani pa kuchukulia dawa Leonia akasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba kwa wingi huu wa watu dawa zote zitakwisha, na wenyeji tutabaki kutazamana. Haikuwa kauli ya daktari wala ya mwenye dirisha, ni ya mama aliyechoka kusimama foleni. Ikamtosha. Alirudi nyumbani na mpango, na mpango wenyewe niliujua baadaye sana, ila nautaja hapa ili muone kilichokuwa kinatujia.

Ninyi wa bara niwaeleze. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwa mkubwa. Kwa hiyo sisi tuna nyakati mbili tu maishani. Kuna giza, hapo kila mtu yuko kazini mpaka mgongo unalia. Na kuna mbalamwezi, mitumbwi inavutwa nchi kavu, wanaume wanashona nyavu, sisi tunafua na kusengenyana. Kila kitu tunakipanga hivyo. Harusi ni mbalamwezi. Kuezeka nyumba ni mbalamwezi. Leonia akaipanga na dawa: wakati wa giza anameza, maana vidole vina kazi, mbalamwezi ikiingia anaacha, vile vya siku hizo anavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akiba ya siku ambayo dirisha litafungwa. Anatoli alimsifu. Yeye mwenyewe ni mtu wa taa, akasema nani anachoma mafuta ya karabai mwezi ukiwaka.

Mbalamwezi ya kwanza alipita akijiburuza. Viungo vilimrudia kwa hasira, hamu ya chakula ikapotea, akikaa hataki kusimama. Nikamwambia kapime malaria, akapima, hana. Giza likaingia, akaanza kumeza, akainuka. Hapo akaona mpango wake ni mzuri, tena amejaribiwa.

Mbalamwezi ya pili Feliksi mwenyewe alikuja kutoka Kagunga kumsalimia, akalala, akarudi. Kesho yake tulikuwa tunafunga vichanja vilivyolegea. Leonia hakuwa amekula kitu. Nikamwona anashika nguzo, anakaa chini, anatapika. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilimgusa, ngozi imelowa jasho na ni ya baridi, kama samaki.

Eufrasia ndiye aliyelitaja jina la ugonjwa. Hakupiga kelele, alilisema taratibu, na ilikuwa mbaya zaidi: "Kaka yake katoka Kagunga juzi." Wanawake wakaanza kuokota vitu vyao. Wale tulioanika nao miaka yote hiyo, tuliozikiana nao watoto, wakawa wanarudi nyuma wakivuta mabeseni kwa miguu wasiiname. Bajaji ya kwanza ikafika, dereva akatazama matapishi, akageuza. Ya pili haikusimama. Anatoli akaleta mkokoteni wa kubebea magunia ya dagaa, tukamlaza humo, yeye anavuta mimi nasukuma, na njia nzima watu walikuwa wanatupisha kama wanavyopisha jeneza. Nilikuwa nasema naye ili nijue yupo. Mwanzoni alikuwa anaguna. Tulipofika kwenye kilima cha mwisho hakuwa anaguna.

Kambi ya kipindupindu ilikuwa mahema nyuma ya kamba. Walitupulizia klorini miguuni, wakampokea yeye, sisi tukabaki nje ya kamba, lakini kitanda chake kilikuwa ukingoni nikawa naona na kusikia. Tabibu wa zamu aliitwa Rodgers, kijana wa Mbeya, hakuwa amewahi kumwona. Dripu ikaingia, ikaisha, ikafungwa nyingine. Muuguzi anapima presha, anatikisa kichwa, anapima tena. Nikamsikia Rodgers akimwambia mwenzake kwamba huyu hajaharisha hata kidogo, na maji yote haya presha haipandi, kuna kitu hakikai sawa.

Akainama kwa Leonia. "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia kila siku?"

"Situmii."

"Ya presha, ya sukari, ya kifua, yoyote."

"Situmii, baba."

Vitanda vya kulia na kushoto vilikuwa na watu wa huku kwetu, wagonjwa lakini masikio mazima. Na nyuma yangu kwenye kamba alikuwa amekuja Eufrasia, kasimama na kanga mdomoni, sijui kaja kuomboleza au kuchukua habari. Nilimtazama Leonia. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Nikajua kabisa kwamba yule mwanamke yuko tayari kufa na siri yake, na kwamba nikisema, kesho Katonga nzima itamfahamu kwa jina lingine. Nikawaza Wema atakavyoitwa shuleni. Anatoli pembeni yangu alikuwa anatazama chini, hata yeye alikuwa anaogopa masikio yale.

Nikasema kwa sauti yangu ya sokoni, maana nyingine sina.

"Daktari, anatumia. Ana baridi yabisi. Anameza predinisoloni kila asubuhi, kaandikiwa na daktari Sia."

Rodgers akaja kwenye kamba mbio. Akauliza mara mbili jina la dawa. Akauliza kama na leo kameza. Nikasema bila shaka, ni mtu wa utaratibu. Hapo Leonia, macho kayafumba, akasema maneno ambayo Rodgers alidhani ni kuweweseka.

"Mbalamwezi simezi."

Mtu wa Mbeya angejuaje. Lakini mimi nimeishi kwa mwezi huo tangu nilipoolewa, na nywele zilinisimama. Nikageuka kwa Anatoli, uso wake ukaniambia yote. Nikamweleza Rodgers haraka, giza ni nini, mbalamwezi ni nini, na kwamba mitumbwi ilivutwa pwani tangu Jumapili. Hakungoja nimalize. Alikimbia, na daktari akikimbia moyo wako haubaki mahali pake. Alirudi na sindano ya dawa ya jamii ile ile, akaichoma pale pale kwenye mpira wa dripu.

Tulisimama. Anatoli alikuwa anasema peke yake kwamba yeye alidhani ni akili, alidhani ni akili. Eufrasia alinisogelea akaniuliza kwa kunong'ona kama kweli ni baridi yabisi. Nikamwambia atulie, mtu anaweza kufa mbele yake naye anatafuta umbea wa kubeba nyumbani. Akatulia, tena akaanza kulia, na nadhani kilikuwa kilio cha kweli.

Jua lilikuwa linaelekea Kongo muuguzi alipoacha kutikisa kichwa. Baadaye Leonia akageuza shingo, akamtafuta mumewe, akaomba uji.

Rodgers alitueleza. Mwili wenyewe unatengeneza kitu kinachofanana na dawa ile, ndicho kinachoshikilia presha na nguvu. Ukiuletea vidonge kila siku kwa muda mrefu, unaona wapo wa kuufanyia kazi, unalala. Ukiviacha ghafla, mwili bado umelala, na mtu anabaki hana cha kwake wala cha kupewa. Ndiyo maana inapunguzwa kidogo kidogo, ili mwili uamke. Alisema wangeendelea kumtibu kipindupindu tu, asingefika asubuhi.

Daktari Sia naye alimjia wodini, akaletewa lile kopo. Hakugomba, aliliangalia tu. Akasema hata dawa hii si ya kukaa nayo milele, inakula mifupa, inaleta sukari, na ya Mwanza bado haijafika. Kwa hiyo Leonia katoka na hofu mbili: ya kuacha na ya kuendelea.

Katonga maneno yalizunguka kama nilivyojua. Wapo walioamini, wapo waliosema baridi yabisi ndilo jina la siku hizi. Leonia hakujitetea. Siku ya kwanza kurudi mchangani alikunywa uji wake mbele za watu, akatoa pakiti, akameza, akaiacha juu ya beseni mwenye kusoma asome. Wiki ya pili Eufrasia alikuja akichechemea, goti linamuuma, akaomba kimoja tu cha kujaribu. Leonia akamwambia aende kupimwa. Eufrasia akamwita mchoyo, na mpaka leo wanasalimiana kwa nyusi.

Mbalamwezi imeingia tena. Hakuna wa kwenda kazini, watu wanalala mpaka jua linaingia ndani. Mimi siwezi. Asubuhi napita nyuma ya nyumba yake nabisha dirisha.

"Mama Wema, umemeza?"

"Nimemeza, mama Dismasi. Acha kunichunga kama mbuzi."

Ndiyo narudi kwangu. Leo nimebisha, hajaitikia upesi. Najua huenda yuko uani, najua huenda kaenda kuchota maji. Nimebisha tena, kwa nguvu, mpaka jirani katoa kichwa kunitazama, na sikuondoa mkono dirishani mpaka niliposikia kikombe kikigonga sahani na sauti yake ikisema anakula kwanza.