Inspekteri Makoti tuliyemcheka utotoni, na nilivyomkuta matangani Ndosho

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Hii ninayoileta leo si chai. Niliiona kwa macho yangu, na sehemu yake mbaya kuliko zote ni yangu mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuipamba.

Niko Goma, mtaa wa Ndosho, natengeneza simu na redio. Kiswahili changu kina vumbi la Kongo, mtanivumilia.

Kwanza niwarudishe nyuma.

Tulipokuwa wadogo, televisheni moja ya hapa mjini ilikuwa inaonyesha wanasesere wa kuvaa mkononi, kila Jumamosi mchana, live. Mtaani TV ilikuwa moja tu, ya jirani mwenye jenereta, na kila mtoto aliingia na jiwe lake la kukalia. Mawe kwetu hayana shida, volkano ilishatugawia.

Mkubwa wao aliitwa Inspekteri Makoti. Kichwa cha soksi, sikio moja lina kiraka, na koti la kijivu lililomzidi. Kifungo kimoja kilikuwa cha njano, cha gauni la mwanamke. Karani wake alikuwa kuku, ndiye aliyeandika PV, yaani maelezo ya polisi, kwa mdomo.

Kazi yake ilikuwa kutafuta wezi, na hakuwahi kumpata hata mmoja.

Sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zikiibiwa, anakohoa mara mbili, anatoa futi ya kushonea, anapima kivuli cha sufuria. Halafu anaihoji bidoni, yaani dumu la maji. Anaiuliza ilikuwa wapi saa tisa. Bidoni kimya. Anamgeukia kuku: andika, mshukiwa amekataa kujibu. Bidoni inakwenda jela, na nyuma yake paka anajilamba mdomo.

Tulicheka mpaka tukaanguka kutoka kwenye mawe yetu. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka, lakini siku ya bidoni alifuta machozi. Miaka ile ilikuwa na mambo yake, sitayataja. Ila Jumamosi mchana tulikuwa watoto kama watoto wengine.

Kipindi kikafa kimyakimya. Hatukuwahi kujua ni mkono wa nani uliokuwa ndani ya ile soksi.

Sasa tuje mwaka huu.

Papa Lusiani, fundi cherehani wa hapa Ndosho, alifariki kwa ugonjwa. Mtu mpole, maneno machache. Ndugu zake wakashuka kutoka milima ya Masisi kuja kuzika. Mke wake, Mama Noela (Noela ni jina lake mwenyewe, si la mtoto), ni wa upande wa Bukavu, na hawakujaliwa mtoto. Kwa wakwe, hilo lilikuwa donda la miaka mingi.

Kwenye ukoo wao, ndugu wa marehemu ndio wanaofungua sanduku lake kutafuta suti ya kumzikia. Akafungua baba yake mdogo, muzee wa ukoo. Chini ya suti akakuta kitu kimeviringishwa kitambaa chekundu. Akakifungua uani, mbele ya watu.

Mwanasesere, na mwili mzima umechomwa sindano.

Muzee akamgeukia mjane, akamuuliza bila kupaza sauti, "Mama, ni hii njo ulikulia mutoto yetu?" Yaani, hicho ndicho alichomrogea Lusiani akafa.

Mama Noela akaeleza kwamba ni kitu cha kazi ya mumewe ya zamani ya televisheni, na sindano ni za cherehani, alizichomeka humo zisipotee. Wakauliza ni nani pale aliyewahi kumuona Lusiani kwenye televisheni. Hakujitokeza mtu. Na kweli hakuna aliyewahi kumuona, maana alikuwa chini ya meza, mkono tu ndio uliokuwa juu.

Wakuu, mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu. Niliona kiraka cha sikio. Niliona kifungo cha njano. Nilimjua papo hapo.

Nikanyamaza.

Nilijipa sababu. Ukoo si wangu. Wazee wakisema, kijana haingilii. Na anayemtetea aliyeitwa mchawi huulizwa yeye dawa hiyo anaijulia wapi. Sababu zote hizo zipo, lakini niliogopa, basi.

Wakamtoa mama nyumbani kwake, wakamfungia kwa jirani. Mchana tukazika, yeye hayupo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Kesho yake asubuhi nikarudi matangani. Makoti alikuwa uani juu ya jiwe, anasubiri mchungaji aje aombe ndipo achomwe moto. Watu walikuwa wanapita mbali naye. Nikaomba ruhusa ya kusema, muzee akanipa.

Nikapiga magoti, nikachomoa sindano moja moja, nikaziweka kwenye sahani. Kisha nikaingiza mkono ndani ya soksi, nikakohoa mara mbili, nikaigeukia bidoni iliyokuwa karibu na jiko, nikaiuliza ilikuwa wapi saa tisa.

Hakuna aliyecheka. Ila mama mmoja wa rika langu, aliyekuwa anamenya mihogo, akaweka kisu chini.

"Andika," akasema polepole, "mushukiwa amekatala kujibu."

Mwingine akamtaja Makoti kwa jina. Mwingine akakumbuka paka. Muzee akauliza tutajuaje kwamba mkono ulikuwa wa Lusiani. Nikageuza koti ndani nje, nikamuonyesha mshono. Nusu ya waliokaa pale, wateja wake, walikuwa na mshono huo kwenye suruali zao.

Muzee akaenda mwenyewe, kwa miguu, kumchukua mjane, akamuomba msamaha mbele ya watu wote. Simsemi vibaya. Yeye alikosea hadharani na akatubu hadharani.

Nikampa Mama Noela mwanasesere wake. Akamkung'uta vumbi, akaniangalia.

"Mutoto yangu, jana ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa, mama."

"Na ulimujua?"

"Nilimujua."

"Jana njo walimuzika," akasema.

Afadhali angenitukana.

Nilichojifunza wakuu ni hiki: ukijua, sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Nyumba yake amerudishiwa, na jina lake pia. Mazishi ya mume wake siwezi kumrudishia.

Siku hizi Jumapili napita kumsalimu. Ameniambia kitu ambacho bado kinanisumbua: miaka yote ile naye alikuwa chini ya meza, anampa mumewe sufuria, futi, paka. Na kwa kuwa ilikuwa live, hajawahi kukiona kipindi hata mara moja. Kila nikienda ananiuliza Makoti alionekanaje kwa upande wetu. Mimi nimeshamaliza ninavyovikumbuka.

Kwa hiyo kama ulikulia Goma na uliwahi kumuangalia, usiniandikie pole. Andika hapa chini ulichokiona, hata kesi moja, hata nusu yake.

Jumapili nitamsomea.