Simu ya Wanaosahau

Mama alipoanza kusahau alikoweka funguo, nilimpelekea simu ya tachi kule Bariadi, ili azungumze na kaka yake wa Nassa wakionana na akili isilale. Nilijiona mtoto mwema kupita wote.

Siku ya kwanza, mjomba alipotokea kwenye kioo, Mama aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapiga magoti sakafuni kumwamkia mkubwa wake. "Mwangaluka!" Mjomba akabaki anaamkiana na bati la paa.

"Mama, inuka! Hakuoni!" nikafoka.

"Lakini yupo?"

"Yupo."

"Basi nyamaza."

Akauliza habari za wajukuu, za mvua, na za kila ng'ombe kwa rangi yake. Hakuruka hata mmoja.

Wiki iliyofuata nikampigia kutoka Mwanza, nimejilaza kwenye kochi. "Mama, dawa umekunywa?" Akanitazama tu, kimya. Nikatikisa simu, nikalaani mtandao kwamba umekwama.

"Haujakwama," akasema. "Nangoja uniamkie. Simu ya wanaosahau umeninunulia mimi. Yako utanunua lini?"