Asiyekimbia Mkuyu

Luqmani alizaliwa Kinole na kukulia juu ya mikarafuu. Alipoteremka Morogoro mjini, kazi ikawa ile ile ya kukwea miti, ila sasa hachumi karafuu, anakata matawi. Desturi aliyorithi kwa wajomba zake hakuiacha: kabla ya kupanda, hugonga shina kwa mgongo wa panga. Ndege wakiruka, mti ni mtupu, kata; wasiporuka, panda utazame kwanza.

Kiangazi, yangeyange wa mkuyu ulio nyuma ya baa ya Rogers walikuwa waoga kupindukia. Mtu akitokeza tu barabarani, weupe wote hupaa. Asubuhi hii ya masika aligonga, akagonga tena. Hakuruka hata mmoja.

"Umeona, mzee?" Rogers alicheka, akifuta mavi ya ndege begani. "Wametuzoea. Bado kuagiza soda tu! Panda ukate, wateja wananikimbia."

Luqmani akapanda. Kwenye tawi la kwanza akakutana uso kwa uso na yangeyange, mkono ungemfikia. Hakusogea. Mdomo wazi, koo likimpigapiga, na chini ya kifua chake makinda yamejibanza.

Hasira zikampanda Luqmani. Nani aliyetufundisha kwamba asiyekimbia haogopi? Ndivyo tunavyowasoma hata wanyonge wenzetu: amenyamaza, basi ameridhika, hakuhama, basi haumii! Kiangazi ndege huyu ana roho yake tu, na roho hiyo ina mabawa. Masika ana watoto, nao hawana.

"Sikati mpaka makinda yaruke."

"Basi shuka! Yusuph, washa mashine, anzia chini."

Yusuph, shemeji yake na mwenzake wa kazi, akauwasha msumeno. Luqmani akajifunga kamba kwenye tawi, akakaza fundo.

"Shemeji, shuka! Usiniletee balaa!"

"Kata. Mimi nimeshapata majirani huku."

Meno ya msumeno yakagusa gome, unga ukaruka, mti ukatetemeka hadi kileleni. Yangeyange akajilaza juu ya makinda yake.  Mkono wa Luqmani ukalitafuta fundo wenyewe, akaurudisha.

Mngurumo ukakatika.

"Bosi," Yusuph alisema, akiuweka msumeno matopeni, "nikimwangusha yule, dada yangu utakwenda kumwambia wewe?"

Rogers akatukana mti, ndege na ukoo mzima wa Luqmani. Kisha akainama, akaanza kuhamisha viti vya wateja kutoka chini ya mkuyu, mavi yasiwafikie. Luqmani hakulegeza kamba mpaka kiti cha mwisho kilipoondoka.