Coleta na Fuko wa Pito

Coleta, binti wa kaka yangu Evaristi, leo ni mtafiti wa wanyama. Watu wanasema alianzia chuo kikuu. Mimi Marsiana, darasa la nne la zamani, nasema alianzia shambani kwangu Pito, akiwa na miaka saba.

Nilimfundisha kukamata fuko. Unatafuta udongo uliosukumwa asubuhi hiyo, ungali mbichi. Unatoboa njia yake ya chini, upepo uingie. Fuko hapendi upepo, lazima aje kuziba. Wewe simama kimya, jembe juu.

Siku ya kwanza Coleta alinidaka mkono. "Shangazi, usimpige! Nataka kuona meno."

"Hayo meno ndiyo yanayomaliza mihogo yako, mjinga wewe."

Tukamtia kwenye ndoo. Siku hiyo Coleta hakula, kazi kumtazama tu.

Alisoma, akapotelea huko miaka mingi, akarudi na mabuti na daftari. Masika mawili nilimzungusha kutoka Pito hadi Msanzi, magoti yakavimba. Nikampa hata lile ambalo wazee hawakumwambia kila mtu: kila ukoo wa fuko una mama mmoja. Huyo haji kuziba, hutuma wengine, na shimo lake halichimbwi, maana ukimuua yeye ukoo umekwisha. Aliandika mpaka kalamu ikakauka.

Kitabu kilipotoka alikuja kutusomea ofisi ya kata. Nilivaa kitenge kipya. Akasoma: "Mwenyeji mmoja alieleza..." Tena, "mwenyeji mmoja." Dereva wa gari lao la utafiti alitajwa, jina lake na la baba yake.

Jirani yangu Agnesi akanisukuma kwa kiwiko. "We Marsiana, si wewe huyo?"

"Sijui. Mimi nina jina."

Nje nikamuuliza Coleta. Akatazama chini. "Shangazi, ndivyo tunavyoandika. Tunaficha majina ya wenyeji ili kuwalinda."

"Kunilinda na nani? Na fuko?"

Akaingia garini.

Mwaka huu amerudi na wageni wawili, wanamtafuta mama wa fuko wampige picha.

"Shikamoo, shangazi. Siku ya nne hii, hatujamwona."

"Marahaba. Mtafuteni mwenyeji mmoja. Yeye anajua."

Nikainama, nikaendelea kupalilia. Udongo mbichi ulikuwa pale pale, nyuma ya kisigino cha Coleta.