Kilele Kisichotakiwa

Nyumbani walimwita Mama Fuwele. Jina alitungiwa na mama mkwe wake, mwanamke asiye na breki mdomoni. "Mke wa mwanangu ana watoto wawili," alizoea kuwaambia wageni. "Mmoja anakula, mwingine anakaa kwenye tanuri."

Hakukosea sana. Fuwele ile, jiwe la kutengenezwa, Mama Fuwele aliilea mwenyewe kwenye tanuri la maabara, taratibu, hadi ikawa kipande cheusi kinachong'aa, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kila atomi ya shaba ndani yake ilikuwa kisumaku. Visumaku vya mawe mengine, vikipigwa na baridi kali, hujipanga kama askari gwaridani. Vya fuwele hii, Mwalimu wake alitangaza, havijipangi kamwe. Huchezacheza kama maji hata baridi ikigota mwisho. Kwa maneno hayo Mwalimu alisifiwa dunia nzima, na kwa maneno hayohayo Mama Fuwele akapata shahada yake ya udaktari.

Sasa mashine ilikuwa inayakana.

Pale kwenye kinu cha nyuklia, walielekeza mkondo wa nyutroni, chembe ndogo kuliko atomi, kwenye fuwele iliyofungiwa ndani ya kopo la aluminiamu. Visumaku visipojipanga, nyutroni hutawanyika ovyo. Vikijipanga, hurundikana mahali pamoja na skrini huchora kilele. Tangu baridi ilipofika chini, kilele kilikuwa kinaota upande wa kushoto wa skrini, kimyakimya, kama jipu.

"Labda ni hewa," alisema Mama Fuwele, akimgeukia fundi wa mitambo ya baridi. "Nilipofunga kopo nilikuwa naongea na mwanangu kwenye simu. Sikumbuki kama nilitoa hewa nikaingiza heliamu."

Fundi alielewa. Oksijeni ikibaki koponi huganda, na ikiganda nayo hujipanga kisumaku na kuchora kilele chake; heliamu haifanyi hivyo.

"Dada, watu huomba wasiwe wamekosea," alicheka. "Wewe unaomba uwe umekosea!"

"Naomba kwa magoti yote mawili."

Akampigia Mwalimu, mzee aliyemshika mkono tangu mwaka wa kwanza wa chuo.

"Mwalimu, shikamoo. Kuna kilele."

"Marahaba, binti yangu. Kiko kushoto?"

Mama Fuwele hakuwa amemwambia ni wapi.

"Ni hewa," Mwalimu aliendelea kwa upole. "Andika ni hewa, uendelee na vipimo. Usifungue kopo."

"Nikifungua tutajua kwa hakika."

"Binti yangu, anayechokonoa paa la nyumba yake asilalamike mvua ikimnyeshea."

Mwalimu akakata simu. Mama Fuwele alikaa akitazama ukuta mnene wa zege uliowatenganisha na kinu. Kama ni hewa, amepona. Kama si hewa, udaktari wake na kazi za wote waliojenga juu ya fuwele ile vinasimama juu ya uongo. Na uongo uliofichwa na mtu mwenye sifa hauachi kuwa uongo, hunenepa tu.

"Tufungue," alisema.

Walipasha mtambo joto, wakatoa kopo. Safari hii fundi alilifunga mwenyewe, akavuta hewa yote, akaingiza heliamu, akakagua kama linavuja. Hakutania tena. Wakalirudisha kwenye baridi na kusubiri, chai ikipoa mezani bila kuguswa.

Mstari wa skrini ulilala bapa. Baridi ikazidi kushuka. Mama Fuwele akaanza kuamini ilikuwa hewa tu.

Kisha kushoto, palepale, kitu kikainua kichwa.

Simu ikaita kabla hajaishika.

"Umefungua," alisema Mwalimu. Hakuwa akiuliza.

"Si hewa, Mwalimu. Heliamu tupu, na kilele kipo."

"Najua. Kilikuwepo hata kwenye fuwele yangu ya kwanza." Sauti ilikuwa tulivu mno. "Uko na nani hapo?"

Akamtazama fundi, aliyekuwa ameganda na kikombe mkononi. Mwenye mke atakayejifungua karibuni. Mwenye mkataba unaotiwa saini na Mwalimu.

"Niko peke yangu," alisema, na kwa mkono mwingine akaanza kutuma vipimo kwa wenzao wote waliojenga juu ya fuwele ile.