Apeduno na Watoto wa Upande wa Pili wa Michongoma

Apeduno alisomea ualimu ng'ambo ya mpaka, Tororo, akafundisha sayansi mwaka mmoja tu kabla ya kuolewa na Olinga, karani wa forodha Malaba. Walikaa nyumba ya mabati karibu na reli, yenye ua wa michongoma na geti la mbao. Katikati ya mwaka 1976, mambo yalipochacha mpakani, Olinga aliwaambia mkewe na watoto wao watatu, "Hakuna mtu kutoka nje. Wanajeshi wako pale tu. Sokoni nitaenda mimi."

Hofu ilikuwa ya kweli, na Apeduno alitii. Lakini siku ya tatu watoto walikuwa wamepigana mara nne kabla ya chai ya saa nne. Apeduno akamimina maji kwenye sahani, akasimamisha kipande cha mshumaa katikati, akakiwasha, kisha akakifunika kwa gilasi. Moto ukafifia, ukazimika. Maji yakapanda ndani ya gilasi.

"Nani ameyavuta?" akauliza Atyang, bintiye wa miaka tisa.

"Usiniulize mimi. Rudia, uangalie vizuri."

Walirudia mpaka mshumaa ukaisha. Kesho yake walitia magadi kwenye chupa ya soda, wakakamulia ndimu na kuvisha puto mdomoni. Puto likavimba lenyewe, kitinda mimba akakimbilia chini ya meza. Wakaotesha maharagwe kwenye gilasi yenye pamba iliyoloa. Kila walipoilaza gilasi, mizizi ilijikunja upya kuelekea chini. Watoto wa jirani nao wakaanza kuchungulia kwenye michongoma, mashavu yao yakichomwa na miiba.

Mwezi ukapita. Malori yakaanza kuvuka tena, wachuuzi wakarudi. Amri haikuondolewa. Apeduno akitaja soko, Olinga alisema, "Si nilisema nitaenda?" Akitaka kumwona mamake kule Angurai, "Subiri kwanza." Hatari haikutajwa tena. Ilibaki ile "hapana" tu, na Apeduno alianza kuamka asubuhi akiona kana kwamba kuta zimesogea.

Jumamosi moja Barnabas, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa jirani, akabisha hodi. "Watoto wangu wanajua mambo ya hewa ambayo hatujawafundisha," alisema akicheka. "Wananiambia ni Mama Atyang. Mimi darasa la sita sina mtu wa sayansi. Mama, njoo hata Jumatatu."

Apeduno hakuthubutu kumwangalia mumewe. Olinga akaweka kikombe chini. "Mwalimu, huyu mama yuko na kazi yake hapa."

Mgeni alipoondoka, Apeduno akasimama mlangoni. "Baba Atyang, hatari iko wapi sasa? Nionyeshe, tuiogope pamoja."

"Nimesema hutatoka. Basi."

Usiku ule Apeduno hakulala. Asubuhi aliandika barua fupi, akampa Atyang ampitishie mtoto wa jirani kwenye michongoma, ampelekee Barnabas: "Mimi sitoki. Walete wao."

Ijumaa wakaja, watoto ishirini na sita na chupa zao, Barnabas nyuma yao. Olinga alirudi mapema akawakuta wamechuchumaa uani wakingojea mshumaa uzimike. Wote wakasimama. "Shikamoo mzee!" Akawatazama, akamtazama mwalimu mkuu. Aliingia ndani akajifungia chumbani mpaka walipoondoka. Hakuwahi kuwafukuza, wala hakuwahi kumruhusu mkewe kuwafuata shuleni.

Apeduno alifundisha hivyo karibu miaka mitatu. Alitoka Jumapili tu, kwenda kanisani, hatua chache nyuma ya Olinga, na njiani watoto walimwamkia "Mwalimu!" naye akaitikia kwa sauti ya chini. Mwaka 1979 Olinga alihamishiwa Mombasa. Alipoleta habari hiyo, Apeduno alikuwa anasuuza chupa. Aliuliza swali moja tu.

"Huko nyumba iko na ua?"