Chura wa Mwalimu Sifael

Mwalimu Sifael alifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, na mimi ni mmoja wa waliopita mikononi mwake. Shule haikuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo alichora mwenyewe: moyo, figo, mzizi wa mgomba. Kwa picha ya chura, alimkamata mmoja kwenye majaruba ya mpunga Chekereni, akamchora kama alivyomkuta, kidole kimoja cha mguu wa mbele kimekatika. Tulipomwuliza kwa nini hakukimalizia, alisema, "Siongezi nisichokiona."

Notisi zake, zenye michoro hiyo, zilisambaa kwa kopi hadi shule za mbali. Hakuwahi kumkataza mtu.

Alipostaafu, binti yake Brenda alifungua steshenari Majengo, mjini Moshi, ukuta mmoja na kibanda changu cha ushonaji. Mwalimu alishuka kutoka kwake Mamba, mlimani, kila asubuhi kumsaidia kutoa kopi. Siku moja mwanafunzi akaleta kitabu kipya cha kampuni kubwa ya vitabu ya Dar es Salaam. Mwalimu akakifungua, kisha akaniita.

"Hebu njoo uone."

Moyo ulikuwa wake. Figo zilikuwa zake. Na chura yule yule, kidole hakipo. Jina la Mwalimu halikuwapo popote.

Aliiandikia kampuni barua nne, hazikujibiwa. Akapeleka malalamiko kwenye ofisi inayohusika na hakimiliki; wakamtaka athibitishe kwamba ndiye mchoraji. Akawapelekea madaftari yake ya mwaka tisini na mbili, yenye vumbi la chaki kwenye kurasa. Wakayapokea, wakampa namba ya jalada, wakamwambia asubiri. Alisubiri miaka miwili. Madaftari hayajarudi hadi leo.

Kampuni yenyewe haikusubiri hata mwezi. Ililalamika kwenye ofisi hiyo hiyo kwamba vitabu vyake vinatolewa kopi Moshi, na Jumanne moja saa nne asubuhi maofisa wawili na polisi waliingia kwa Brenda. Juu ya mashine walikuta kurasa kumi na mbili za kitabu kile, kazi ya mwanafunzi aliyesema angerudi kuzichukua.

"Shikamoo, mzee," ofisa mmoja akamwamkia Mwalimu kwa adabu. "Duka la nani hili?"

"Marahaba. La binti yangu. Lakini hizo picha nimechora mimi."

Ofisa akageuza kurasa. "Jina lako liko wapi?"

"Halipo. Ndiyo maana nimelalamika. Nina namba ya jalada, ngoja nikuoneshe."

"Hilo ni jambo lingine, mzee. Sisi tumetumwa hili."

Wakabeba mashine, wakampandisha Brenda kwenye gari. Mwalimu akabaki barazani ameshika kikaratasi chenye namba.

Kesi ya Brenda iliisha ndani ya wiki tatu. Mwalimu alisimama aseme neno. Hakimu akamwambia yeye si shahidi wala mshtakiwa, akae. Faini ilimaliza ng'ombe wao wawili wa maziwa, na mashine haikurudishwa. Brenda akaenda kwa shangazi yake Chekereni, kupalilia mpunga. Siku anafunga duka nilimsikia akisema, taratibu, bila hasira, "Baba, ungewaachia tu hizo picha, labda wasingetujua."



Siku hizi Mwalimu hashuki mjini. Mwezi uliopita nilipanda Mamba kumpelekea suruali niliyomshonea kwa vipimo vyake vya zamani. Tukiwa tumekaa, akaja binti wa Godlove, jirani yake, msichana wa kidato cha nne. Alisikia kwamba Mwalimu ana notisi, akaomba akazitoe kopi.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Sina, mjukuu wangu. Mwambie baba akununulie kitabu."

"Baba amesema hana hela, Mwalimu."

"Basi subiri akipata."

Msichana akaaga, akashuka kati ya migomba. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata.  Nikamwuliza kama suruali itamkaa.

Akaingia ndani kuijaribu. Akarudi ameishika kiunoni kwa mkono, akasema ni nzuri, ila imekuwa pana.